Sista Aliyetufundisha Kulia Kama Ng'ombe

Mtu akikuambia anamjua Sista, muulize kama alizaa kwake. Kama hakuzaa kwake, basi anamjua kwa kumwona akipita kwenda sokoni na viatu vyake vya mpira, na huko si kumjua. Mimi nimezaa kwake mara mbili. Nimemwona amekasirika, nimemwona amelala kwenye kiti mdomo wazi, na nimemsikia akiimba, jambo ambalo simwombei hata adui yangu. Kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, na lilibaki hukohuko. Kwetu Bahati, kwa kijiji kizima, alikuwa Sista tu. Hata marehemu mumewe alimwita Sista, na ukimtazama mzee yule usoni ungejua kwamba hakuwa akitania. Alikuwa mfupi na mpana, mwenye mikono minene ya mtu anayekanda unga kila siku, na alivaa sweta ya kijani juu ya sare yake, jua liwe linawaka au baridi iwe imetushukia kutoka mlima Menengai. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Akikusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, mbwa wanaamka na wewe unasahau ulikokuwa ukienda.

Alikuwa nesi wa serikali kwa miaka mingi, kisha akaacha, akafungua kituo chake cha kujifungulia nyuma ya kinu cha mahindi. Kilikuwa nyumba ya mabati mekundu, yenye vyumba vya kuzalia upande mmoja, chumba cha kupumzika upande mwingine, vyumba vya familia nyuma, na veranda ndefu mbele. Dawa ya kupunguza uchungu hakuwa nayo, na aliwaambia hivyo wanawake siku ya kwanza kabisa, kabla hata hawajaketi.

"Mimi sikatai dawa," angesema. "Ukitaka dawa, hospitali iko, na nitakupeleka mwenyewe nikuachie huko kwa mikono mizuri. Hapa tuko na maji moto, mikono yangu, na mdomo wako."

Wala hakuwa na kiburi cha kuua mtu. Akiona jambo halimpendezi, damu au mapigo ya moyo wa mtoto, anaita ambulensi papo hapo, na ole wake dereva atakayesimama njiani kununua mahindi ya kuchoma. Watu wa mjini walikuja wakidhani atawapa hotuba juu ya mitishamba. Waliondoka wameambiwa wakapime damu.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo moja, maana bila hilo hutamwelewa. Sista alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Nyambura, na kitu alichokitaka kuliko vyote duniani ni siku moja kumzalisha Nyambura kwa mikono yake mwenyewe. Hakulificha hilo. Alilisema veranda, alilisema kanisani, alimwambia hadi mtu wa kusoma mita ya stima. Nyambura naye alikuwa ameapa tangu shuleni kwamba siku hiyo haitafika.

Ukimsikiliza Nyambura, alikuwa na sababu. Chumba chake cha kulala kilipakana na chumba cha kuzalia, na ukuta ulikuwa wa mbao. Alifanya homuweki ya hesabu huku wanawake wakiita mama zao upande wa pili. Alijifunza jedwali la saba kwa mdundo wa uchungu wa watu wengine.

"Mwalimu," aliniambia wakati mmoja, maana mimi hufundisha shule ya msingi, "mimi nikiwa standard six nilikuwa nimeshazaa watoto wa Bahati yote. Nimechoka. Yangu ikifika, nitadungwa ile sindano ya mgongo nilale nikiangalia simu."

Na kana kwamba hilo halikutosha, alipomaliza shule akasomea mambo ya dawa, akafungua duka la dawa kule Njoro, karibu na chuo kikuu. Dirishani ameweka picha ya mtu anayetabasamu baada ya kumeza kidonge cha kichwa. Sista aliiona siku ya ufunguzi, akasimama mbele yake muda mrefu.

"Huyu alifanya makusudi," alisema.

Sasa nije kwenye ng'ombe.

Sista aliamini kwamba sauti ya juu inafunga mwili na sauti ya chini inaufungua. Mwanamke akipiga nduru kama filimbi, taya zinakaza, mabega yanapanda, na huku chini nako kunakaza vilevile. Akilia kwa sauti nzito inayotoka tumboni, kila kitu kinalegea na mtoto anapata njia. Alikuwa amejaribu kulieleza hili kwa maneno mazuri kwa miaka, na hakuna aliyemwelewa. Kisha siku moja akasema, "Lia kama ng'ombe, usilie kama mbuzi," na kwa kuwa sisi wa huku tumelelewa na wanyama wote wawili, tulielewa mara moja.

Basi kila Alhamisi alasiri wajawazito walikusanyika veranda kwa mazoezi. Kama hujawahi kuona wanawake wenye matumbo ya miezi minane, wamefunga leso juu ya sweta, wameshika ukuta kwa mikono miwili na wanalia "mmmuuuu" kwa pamoja huku watoto wa shule wakichungulia kwenye ua wa miiba, bado una kitu cha kuona duniani. Sista alipita nyuma yetu kama jaji wa maonyesho ya kilimo.

"Hiyo ni ndama. Teremka."

"Hiyo ni mbuzi kabisa. Wewe unaimba soprano kwa kwaya? Nilijua. Soprano ndio hunisumbua."

"Eeeh, sasa hiyo! Mskize huyo. Hiyo ni ng'ombe ya lita thelathini."

Kusifiwa na Sista kwa mlio wako kulikuwa heshima ambayo ungeenda nayo nyumbani na ungemweleza mumeo, kisha ungejuta kumweleza. Mke wa mchungaji mmoja aliona haya akasema yeye atajifunza peke yake nyumbani. Sista akamwambia afanye hivyo, ila amwarifu mchungaji kwanza. Hakumwarifu. Mchungaji alisikika akikemea kitu chumbani kwake kwa jina la Bwana.

Alikuja pia mama mmoja Mkalenjin kutoka upande wa Solai, mtulivu sana, akaeleza kwamba kwao mwanamke halii wakati wa uchungu, na kwamba mama yake na bibi yake hawakutoa sauti hata moja. Sote tukamtazama Sista, tukingoja vita. Sista akafikiri.

"Sawa," akasema. "Nyamaza. Lakini nyamaza chini, usinyamaze juu."

Cha ajabu, yule mama alielewa. Alizaa akiwa kimya, na Sista alieneza habari hizo kila mahali, akisema hajawahi kusikia kimya kizito namna ile.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Katika chumba cha kuzalia alikuwa na subira isiyoisha. Angekaa kwenye kigoda tangu chai ya asubuhi hadi kuku warudi bandani, mkono wake mgongoni mwako, bila hata kuangalia saa. Nje ya chumba hicho hakuweza kungoja chochote. Foleni ya benki ilimtoa jasho. Ugali wake ulikuwa mbichi siku zote kwa sababu hakuweza kusimama jikoni hadi uive, na sisi tuliozaa kwake tuliula huo ugali na kumshukuru, maana baada ya kuzaa mtu hachagui. Alihubiri utulivu na huku akiangalia tamthilia za televisheni alikuwa akipiga kelele. Mwanamke yeyote aliyezaa kwenye televisheni alimkera. "Mbuzi!" angepiga kelele. "Hiyo ni mbuzi! Na mbona amelala chali? Nani amemlaza chali? Na hiyo makeup?"

Alikuwa pia mwenye wivu. Mwanamke akizaa kwake mtoto wa kwanza, halafu wa pili akaenda kumzalia mjini, Sista angemwamkia sokoni kwa adabu kubwa mno. Adabu yake ilikuwa ndiyo adhabu. Nimeona wanawake wakizunguka nyuma ya maduka ya mbolea ili wasikutane nayo.

Wanaume aliwapokea, ila kwa masharti. Katika hospitali alizofanyia kazi wanaume walikuwa wakingoja nje wakizunguka na funguo mkononi, na yeye aliona huo ni upotevu wa misuli. Kwake, mume alikaa kitandani nyuma ya mkewe, akampakata, mke akamwegemea na kumvuta shati kadiri apendavyo. Alimweleza mume wangu kazi hiyo kwa kifupi tulipofika na uchungu wangu wa kwanza.

"Wewe ni kiti," alimwambia. "Kiti haiongei. Kiti haisemi 'pole mpenzi'. Kiti haiulizi ni saa ngapi. Tumeelewana?"

Mume wangu anaendesha lori la maziwa na amezoea kuamrishwa na watu wa viwanda. Alijibu kwamba wameelewana.

Nisikudanganye juu ya uchungu. Ulikuwa mkali. Nilikuwa nimehudhuria kila Alhamisi, nilikuwa nimesifiwa mlio wangu mbele ya watu, na bado ulipokuja wenyewe niliona kwamba mazoezi yalikuwa kitu kimoja na hili lilikuwa kitu kingine. Niliogopa. Niliwaza kwamba nitakufa, na niliwaza hivyo kwa utulivu, nikajiuliza nani atasahihisha mitihani ya darasa la nne. Nilimchukia mume wangu, nilimchukia Sista, nikawaambia wote wawili maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Sista hakukasirika hata kidogo. Aliweka kiganja chake mgongoni pangu, mahali penyewe hasa palipokuwa pakiuma, akasukuma.

"Matusi ni sawa," alisema. "Lakini tukana na sauti ya chini, msichana."

Alituita wote "msichana" wakati wa uchungu, uwe na miaka kumi na tisa au arobaini. Nikatukana kwa sauti ya chini. Kisha matusi yakaniishia, nikaanza kulia kama ng'ombe, na nikagundua kwamba mama huyu mwenye sweta alikuwa akisema kweli. Uchungu haukupungua, lakini nilipata mahali pa kuuweka. Nililia kwa moyo wangu wote. Nadhani sijawahi kufanya jambo lolote kwa moyo wangu wote kama nilivyolia siku ile.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jirani wa Sista alikuwa mzee mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi na mweupe, aliyempenda kuliko wajukuu zake. Katika nchi yetu kila mtu anajua kwamba ng'ombe akilia bila kukoma, na majani anayo na maji anayo, basi anataka dume. Na kwa kuwa siku hizi dume huja kwa pikipiki, ndani ya mtungi wa baridi unaotoa moshi ukifunguliwa, unampigia simu mtu wa kupandisha. Mzee alikuwa amempigia mara kadhaa mwaka ule. Kila mara asikiapo mlio, anapiga simu. Mtu wa kupandisha anakuja, anafanya kazi yake, anaenda, na ng'ombe hashiki mimba. Mzee akaanza kusema dukani kwamba mbegu za kijana huyo ni maji matupu. Maneno hayo yalimfikia, na kwa mtu wa kazi ile hakuna sifa mbaya kupita hiyo.

Ilikuwa lazima ije siku ambayo angechunguza mwenyewe, na siku hiyo ikawa yangu. Mzee alikuwa amesikia mlio, amepiga simu, ameenda shambani. Kijana akafika na mtungi wake, akamkuta ng'ombe wa mzee amesimama anatafuna majani, ametulia kama mtu aliyestaafu. Akajikuna kichwa. Ndipo mlio mkubwa ukatoka upande wa pili wa ua. Aha! Kumbe ni ng'ombe mwingine, na mzee anawachanganya. Akachukua mtungi wake, akazunguka, akagonga geti la Sista.

Dirisha letu lilikuwa wazi. Tulisikia kila neno.

"Sasa mathe! Ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe gani?" Sista alikuwa ametoka na glavu zake mkononi.

"Hii inalia. Hii iko heat kabisa, naisikia toka kwa barabara. Wacha niipandishe saa hii kabla itulie."

Nadhani Sista alikuwa akiutazama mtungi.

"Boss, umechelewa," akasema. "Hii ilipandishwa kitambo. Saa hii inazaa."

"Inazaa? Na mnalia hivyo bila daktari? Mathe, hiyo ndama imekwama. Mimi najua hiyo sauti. Ngoja, niko na kamba kwa pikipiki, tuivute."

Hapo kiti changu, kilichokuwa kimekaa kimya tangu asubuhi kama kilivyoagizwa, kikasahau kwamba ni kiti.

"Wewe!" mume wangu akapiga kelele dirishani. "Kamba ya kuvuta nani?"

Nikacheka. Sijui kama umewahi kucheka mtoto akiwa njiani, lakini ni jambo ambalo mwili haukuliandaa. Nilicheka hadi tumbo lote likashuka, na Sista akarudi mbio akisema, "Cheka tena, msichana, hiyo ni nzuri kuliko ng'ombe!" Kijana bado yuko nje akiuliza kama tumeamua kuhusu kamba. Mtoto wetu wa kwanza, Kevo, akazaliwa katikati ya kicheko hicho, na nikawekewa kifuani akiwa moto na ananuka kama udongo baada ya mvua. Nilimpenda papo hapo, nikawapenda wote, hata yule wa mtungi.

Mume wangu alikuwa amekaliwa muda mrefu hivi kwamba miguu ilikufa ganzi. Alipojaribu kusimama akaanguka. Wageni wa kwanza kufika, shangazi zangu kutoka Subukia, walimkuta ameshikiliwa na Sista akitembezwa veranda, na wakampa pole yeye kwanza. Mpaka leo anasimulia uzazi ule kana kwamba alikuwa peke yake chumbani.

Yule kijana alirudi baada ya siku chache na mkate na paketi ya majani ya chai, akaomba msamaha huku akitazama viatu vyake. Sista alimpokea vizuri, akampeleka kwa jirani, akamweleza mzee mwenyewe kwamba mbegu za kijana hazina makosa. Mzee akahamisha ng'ombe wake mwisho kabisa wa shamba, na baadaye nikasikia kwamba ameshika mimba.

Baada ya hapo mimi na Sista tukawa marafiki, kadiri mtu anavyoweza kuwa rafiki wa mwanamke aliyemwona katika hali ile. Nilizaa kwake wa pili, msichana, na nilimsaidia Alhamisi kuonyesha wageni jinsi ya kulia. Kwa hiyo nilikuwepo veranda siku Nyambura alipokuja na mumewe kutangaza kwamba ana mimba.

Sista alifurahi namna ambayo sikupenda kuiona, kwa sababu nilijua inakokwenda. Alikuwa ameanza kupanga. Angempa chumba cha upande wa jua. Angefunga kituo siku hiyo, asipokee mtu mwingine.

"Mum," Nyambura akasema. "Nimeshaandikisha hospitali ya Nakuru. Na nimeshaongea na daktari wa ile sindano."

Sista hakugombana naye. Alimwambia, "Sawa, karibu chai," kwa adabu ileile ya sokoni. Binti yake akaijua adabu hiyo, akaondoka bila kunywa.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa wajawazito wa Bahati. Mazoezi ya Alhamisi yakawa makali. Hakuna mlio uliomridhisha. "Kuna watu siku hizi wanaenda kuzaa kama wanaenda saluni," angesema akitazama juu ya vichwa vyetu, na wanawake ambao hawakumjua hata huyo Nyambura wakainamisha macho. Ugali ukazidi kuwa mbichi. Mimba ya binti yake ikawa inakua huko Njoro na hawasemezani, na Sista akawa anajua umri wake kwa hesabu zake mwenyewe tu.

Mwishowe akanisimamisha getini.

"Mwalimu, Jumamosi unaenda Njoro."

"Siendi Njoro, Sista."

"Unaenda. Unampelekea Nyambura viazi vitamu. Na ukiwa huko umuulize kama amebadilisha akili."

Nikaenda. Nyambura alikuwa nyuma ya kaunta yake, tumbo limegusa kioo. Akakitazama kikapu changu.

"Amekutuma."

"Nimeleta viazi."

"Viazi vya kuniuliza nini?"

Nikamwambia. Akanivutia kiti ndani, akafunga mlango wa kaunta, akakaa.

"Mwalimu, mimi sina vita na yeye. Mimi namtaka huko hospitali. Namtaka sana, huwezi jua. Lakini aje kama mum. Akija kama Sista, abaki Bahati." Alichukua kiazi kimoja akawa anakifuta udongo kwa kidole. "Nikiwa mdogo nikishikwa na homa, alikuwa ananiangalia akiwa amesimama kwa mlango, halafu anarudi kwa hao wamama wake. Nilikuwa nasikia vile anawabembeleza. Siku mzima! Nilikuwa naomba Mungu nikue haraka nizae, ndio pia mimi anikalie hivyo. Halafu nikakua nikajiuliza, kwani ni lazima niumwe ndio mama yangu anikalie?"

Nikachukua kiazi kingine, nikaanza kukifuta pamoja naye.

Nilirudi nikamweleza Sista ujumbe wote, hata hayo ya mwisho, kwa sababu sikuona ninavyoweza kuyapunguza. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilidhani atalipuka. Badala yake akakaa kwenye ngazi ya veranda, akavua miwani.

"Kama mum," akasema. "Sasa hiyo ndio kufanya nini, hasa?"

"Sijui. Kukaa tu."

"Kukaa tu," akarudia, kama mtu aliyepewa kazi ambayo hana vifaa vyake. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinichoma moyo, kwa sababu aliuliza kwa dhati kabisa. "Na mikono unaweka wapi?"

Nilihamishwa shule muda mfupi baadaye, kwenda upande wa Molo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka sikufika Bahati. Nilisikia tu kwamba Nyambura alipata mtoto wa kike na wote ni wazima. Kama Sista alienda, hakuna aliyeweza kuniambia.

Nilimkuta sokoni likizo ilipofika. Alikuwa ameinama mbele ya gunia la njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mama aliyejifungua, akigombana na mama muuzaji, akizishika moja moja na kuzitazama kwenye mwanga. Miaka yote hiyo mama za watu wengine ndio waliowaletea wanawake waliozaa kwake njahi zilizopikwa. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuzinunua, na muuzaji alikuwa amekwishachoka naye.

"Mwalimu! Mungu amekuleta. Hizi ni nzuri ama ni mzee?"

Nikamwambia ni nzuri. Ni za nani?

"Za Nyambura. Maziwa imepunguka, amerudi kazini mapema." Akajaza mfuko, akanivuta pembeni, tukakaa kwenye ukuta wa duka la mbolea. Sikuhitaji kumuuliza. Alianza mwenyewe.

"Nilienda," alisema. "Nikaacha sare nyumbani. Nikavaa rinda ya kanisa. Nesi wa pale, msichana mdogo tu, akaniita kama bibi yake, 'Shosho, kaa hapo,' akanionyesha kiti ya plastiki. Nikakaa. Mikono nikaikalia, Mwalimu, hivi, chini ya mapaja, ndio isiende mahali."

Nilicheka. Yeye hakucheka bado.

"Akadungwa ile sindano. Basi. Akawa amelala anaongea. Mimi sikuwa najua mtu anaweza zaa akiongea na wewe! Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza habari ya babake, vile tulijuana, vitu hajawahi uliza. Na huku kuna kimashine kinaandika uchungu, unaiona inapanda kama mlima. Kila ikipanda, yeye anacheka, mimi ndio naumwa. Nilishika tumbo nikainama kabisa. Nikaita yule nesi nikamuuliza, 'Hiyo sindano, hamna ya mama ya mgonjwa?'"

"Wakakupa?"

"Wakanipa chai."

Hapo akacheka, kicheko chake cha kuamsha mbwa, na muuzaji wa njahi akageuka kutazama. Kisha akatulia, akaushika ule mfuko mapajani kwa mikono miwili.

"Wanawake wote nimewahi kalia walikuwa wananihitaji," alisema. "Huyu hakuwa ananihitaji kwa kitu. Kila kitu ilikuwa inafanywa na watu wengine. Haumwi, haogopi, hata jasho hana. Nikasema basi, mimi kazi yangu hapa imeisha, wacha hata niende choo. Nikiinuka kidogo tu ananishika rinda. 'Mum, unaenda wapi?' Nakaa. Baadaye nainuka tena. 'Mum, unaenda wapi?' Mtu mzima, Mwalimu, ako na duka yake, ananishika rinda kama mtoto wa nasari."

Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakujisumbua kuyafuta.

"Sasa ungefanya nini?" akaniuliza. "Nilikaa na mkojo wangu mpaka mtoto akatoka."